Kati ya Kufa na Kufaa

Jina letu lina kosa.
Babu aliitwa Misago. Karani wa kodi kule Kasulu,
jua la saa nane, mkono umechoka,
akaandika Misigo,
na stakabadhi haina masikio ya kusikia ubishi.
Baba akazaliwa Misigo. Mimi Misigo.
Pacha wangu, Bukuru na Butoyi, Misigo,
na shuleni hakuna ajuaye kwamba tumetoka
kwenye kalamu iliyoteleza.

Nalifikiria hilo nikichambua maharage
hapa Munanila, ukungu haujaondoka bondeni,
ungo mapajani.
Lori la Kigoma mjini linataka ya njano tu.
Njano, njano, njano: kushoto.
Kulia: lenye madoa, jeusi,
jekundu alilolileta shemeji mfukoni
kutoka ng'ambo ya mpaka siku ya mahari,
na hili la kijivu lenye mshipa wa zambarau
ambalo hakuna aliyelileta.

Mama hakutupa ya kulia.
Aliyatia kwenye kibuyu, akakiziba kwa gunzi.
Bwana shamba Kilahumba alimcheka kwa adabu:
"Mama Nyandwi, unatunza takataka."
"Natunza nisichokijua," akasema,
akaendelea kupepeta.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilisahau kwenda kwao.
Udongo ukawa uji.
Ya njano yakaoza mizizi, tuta kwa tuta;
yalikuwa ndugu mno,
kilichoua moja kiliijua njia ya kwa mengine yote.

Tukafungua kibuyu.
Nisidanganye: mengi ya humo yalikufa pia.
Meusi hayakumaliza wiki.
La shemeji lilibaki na majani mawili, likayaangusha.
La kijivu likasimama,
miguu majini, kama mtu anayesubiri zamu kisimani.

Jirani wakasema limejifunza.
Mchungaji akasema ni jibu la maombi.
Mama, matope mpaka magotini, akasema:
"Halijajifunza kitu.
Lilikuwa hivi hivi mwaka juzi, jua likiwaka.
Hakuna aliyeliuliza."

Basi lilitoka wapi?

Ndani ya kila mbegu, nadhani, yuko karani,
ananakili kitabu kirefu gizani, bila taa,
na kitabu chenyewe kimenakiliwa na mama yake, na bibi yake.
Mara moja moja mkono unateleza.
Mara nyingi ni Misago kuwa Misigo: unakula, unaishi, basi.
Mara nyingine neno linaharibika na mche hauchomozi.
Na siku moja, kwenye ukurasa ulioandikwa *kufa*,
kidole kinazidisha *a*.
Karani hajui alichofanya.
Hakusikia mvua ikija.

Au ni yule nyuki mnene mweusi
aliyeingia ua la shemeji, akatoka na unga mgongoni,
akaingia la kwetu bila kuuliza ukoo.
Nawatazama pacha wangu:
chungu kimoja, pawa mbili,
Bukuru amepata masikio ya bibi na upole wa baba,
Butoyi kapata meno yangu na hasira ambayo
hatujamjua mwenyewe.

Labda ni vyote. Labda kosa ni la zamani sana,
limepita vibuyu ishirini kimya,
nyuki akalipa mwenza.

Mvua haikuliumba. Mvua ililisoma tu, kwa sauti.

La kijivu halina utamu, nakuambia kweli.
Linakula kuni. Lori lilikataa.
Lakini mwaka huu liko kila shamba hadi Manyovu,
na Kilahumba, sasa ana mvi, amekuja na daftari:
"Pandeni la kijivu peke yake."

Nimemkaribisha uji.
Kijivu, kijivu, kijivu: kushoto.
Halafu kidole kimegota kwenye moja jeupe,
dogo, lisilo na jicho, limekunjamana upande.
Nimeliinua kwenye mwanga. Sijaona kitu cha maana.

Butoyi, niletee kibuyu cha bibi yako.
Na gunzi lake.